Kijana wa Kwenye Kitabu Chako

Kezia wangu,

Baba yako amelala mapema kwa sababu yeye ndiye dereva wa kesho, na wewe umejifungia chumbani na mabegi yako. Mimi niko hapa jikoni na kalamu ya kazini, ile nene ya kuandikia maboksi, maana kalamu nyingine zote mmezipoteza wewe na wadogo zako. Ukiona maandishi makubwa hivi usidhani nakufokea. Kufoka nimefoka vya kutosha katika nyumba hii.

Sitakuambia ule nini huko chuoni Columbus, wala ulale saa ngapi, wala uvae koti. Kwa umri wako mimi nilikuwa na mimba yako na napanga foleni ya posho kwenye matope, kwa hiyo baridi ya Ohio haitakushinda. Njaa na usingizi vitakufundisha vyenyewe. Nataka kukujibu neno ulilosema Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani, umekaa kiti cha nyuma: "Mama, Krismasi nitabaki Columbus. Nyumba ambayo vitabu vyangu vinatupwa, na mimi sina pa kukaa humo." Ulisema kwa Kiingereza, kisha ukarudia kwa Kiswahili ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa. Baba yako akaongeza sauti ya redio. Mimi nikanyamaza, na unajua mama yako kunyamaza hajui. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu na lina damu ndani yake.

Nianze na kosa unalolijua, ili usiseme naliruka. Mwaka jana, majani yalipokuwa yanaanguka, nilitoka zamu miguu inawaka moto, nikakukuta kwenye sofa unasoma huku unalia. Nikakuuliza kuna nini. Ukanijibu wazi kabisa, kama mtu anayesema maharage yameungua: "Ni hadithi ya wavulana wawili wanaopendana, Mama. Mmoja baba yake ni mkali sana." Ulikuwa bado unaniamini, ndiyo maana hukuficha. Nikakinyakua kitabu nikakupiga nacho mdomoni. Wala sikutumia upande bapa, nilitumia kona ya jalada. Mdomo ukapasuka, damu ikakudondokea kwenye fulana ya shule. Nikakushika nywele nikakuburuta mpaka kwenye ngazi ili uone kwa macho yako ninavyokitupa kwenye lile pipa kubwa la taka. Jirani yetu anayetoka Kuba alikuwa anavuta sigara pale nje. Aliizima, akaingia ndani kwake, akafunga mlango.

Wewe ulishuka ngazi, ukapanda pipa, ukazama ndani kiwiliwili kizima. Ukatoka na kitabu chako kinanuka samaki. Nikapiga kelele juu ya ngazi kwamba sitaki uchafu ndani ya nyumba yangu. Usiku ule baba yako hakula chakula nilichopika, na wewe ulilala umekikumbatia kile kitabu na harufu yake.

Wote mlidhani nimekasirika kwa ajili ya dhambi. Niliwaacha mdhani hivyo kwa sababu ni hasira inayoheshimika. Ukweli wake uko mbali zaidi, uko katika kambi ya wakimbizi, na nimekuwa nikiuzunguka tangu ulipokuwa unajifunza kutembea.

Unajua kwamba mama yako aliigiza michezo kambini. Mjomba wako Zakayo husimulia habari hizo kwenye kila sherehe mpaka watu wanashika mbavu. Kule Tanzania wahisani walitaka watu wa kambi wafundishwe usafi, yaani kunawa mikono, kufunika choo, kuchemsha maji. Wakatafuta vijana wa kuigiza, na mimi ndiye niliyekuwa natunga. Shida ilikuwa kwamba watu walikuja, wakacheka kidogo, na tulipofika kwenye somo lenyewe waliokota madumu yao wakaenda zao kuteka maji. Nikaona lazima nipate kitu cha kuwashika mpaka mwisho. Nikamtunga Bwana Madeko.

Bwana Madeko alikuwa mwanamume anayetembea kwa kunyonga kiuno, anasuka wanawake nywele, anaogopa panya, na hanawi mikono. Kipindupindu chote cha kambi kilitoka kwake. Mwisho wa mchezo alikuja sungusungu, kama wale walinzi wetu wa kambini waliotembea na fimbo, akamkamata kola, akawageukia watazamaji na kuuliza, "Tumpe?" Uwanja mzima ukaitikia, "Mpe!" Hapo Madeko alichapwa kwa fimbo ya bandia ya boksi mpaka alie na kuahidi kunawa. Sungusungu alikuwa mjomba wako Zakayo. Madeko nilikuwa mimi mwenyewe, nimevaa suruali ya baba yako na masharubu ya masizi.

Tangu siku ile hakuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Wahisani walifurahi wakatuletea fulana. Watoto wakawa wanacheza "tumpe, mpe" njiani kutoka shule, wanachapana kwa majani ya mahindi. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa, Kezia. Mtu ambaye hana nchi wala shamba, akitamka neno uwanja mzima unalirudia.

Sasa sikiliza. Mwendo wa Madeko sikuuokota hewani. Niliuchukua kwa jirani yetu Anselmi. Anselmi alisuka nywele kuliko mwanamke yeyote wa upande wetu, mimi mwenyewe alinisuka siku ya harusi yangu. Alikuwa anakubeba ninapokwenda mazoezini, na wewe ulikuwa ukimwona unanyoosha mikono. Aliimba kwaya pamoja nasi. Alipojua nimemweka kwenye mchezo hakununa, alikuja akakaa mbele kabisa, akacheka ameziba mdomo kwa mkono. Hata kitambaa cha shingoni alichovaa Madeko kilikuwa chake, alinipa. Nikachukulia kwamba kule kucheka ni ruhusa. Nilikuwa mtoto, lakini si mtoto kiasi hicho. Mtu aliyekaa katikati ya uwanja unaomcheka anacheka na yeye ili wasimgeukie.

Siku moja mchezo ulipokwisha watu walimiminika bombani kama kawaida. Anselmi alikuwa amewatangulia, dumu lake liko kwenye foleni. Kijana mmoja akalisukuma pembeni kwa mguu, Anselmi akalirudisha, akasema, "Nimefika kabla yako, kaka." Maneno hayo tu. Yule kijana akaigeukia foleni akauliza, "Jamani, tumpe?" Na foleni ikaitikia, "Mpe!"

Mimi nilikuwa natoka nyuma ya turubai, bado nina masharubu yangu. Nikacheka. Nilidhani wananisifu.

Dumu la kwanza lilimpata sikioni, na lilikuwa limejaa maji. Akaenda chini huku anatabasamu, kwa sababu hata yeye alidhani ni mchezo unaendelea. Wakaanza kumkanyaga. Wakamgeuza, mmoja akakaa miguuni, mwingine akaleta jiwe lile la kuegemezea madumu. Taya lilipovunjika nilisikia nikiwa mbali. Kila alipojaribu kuinuka mtu aliuliza tena, "Tumpe?" na wengine wakaitikia, watu wazima, akina mama wenye watoto mgongoni, watu wa kwaya yetu. Waliitikia kwa sauti ile ile na kwa kupishana kule kule kama nilivyowafundisha. Zakayo alikuwa na fimbo yake ya boksi mkononi. Aliitupa, akaokota ya mti.

Nilikuwa na sauti inayofika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti. Sikuitoa. Niliogopa kwamba nikisema "mwacheni" watanigeukia mimi na masharubu yangu. Nikayafuta kwa kiganja, nikakuchukua kwa bibi yako, nikaingia ndani nikafunga mlango. Ukaanza kuita jina la Anselmi, ulikuwa hujui kulitamka vizuri, ulikuwa unasema "Semi, Semi." Nikakuziba mdomo.

Walimpandisha gari la hospitali akiwa ameshika taya lake kwa mikono miwili. Hakurudi kambini. Wengine walisema alikufa njiani, wengine walisema ameonekana Kigoma anasuka nywele sokoni. Mpaka leo sijui. Na nikuambie na hili, kwa kuwa nimeamua kutobakiza kitu. Tulipocheza tena nilimwondoa Madeko. Watu wakapiga kelele wanamtaka, wahisani wakauliza kwa nini nimeharibu mchezo mzuri. Nikamrudisha. Nikavaa suruali, nikanyonga kiuno, nikachapwa, wakacheka.

Kwa hiyo siku ile kwenye sofa, uliposema kitabu chako kina kijana wa namna hiyo, mimi sikuona kitabu. Kwa akili yangu mtu wa namna hiyo huwekwa kwenye hadithi kwa kazi moja tu, achekwe kisha apigwe. Halafu nikakuona wewe unamlilia. Nikajua kwamba ukimlilia huyu wa kwenye kitabu, siku moja utamjua Anselmi, na ukimjua Anselmi utanijua mimi. Neno "uchafu" lilikuwa karibu na mdomo kwa sababu lilikuwa kazi yangu zamani. Hofu ndiyo iliyonyanyua mkono, na haikuwa hofu ya Mungu.

Tuje kwenye safari yetu ya Buffalo, baridi iliyopita. Nataka uelewe nilichofanya kule, maana najua umekielewa vibaya, na kosa ni langu.

Harusi ya binti wa mjomba wako Zakayo ilikuwa kesho yake, na sisi tumefikia kwake. Theluji imeziba mlango wa nyuma, sebuleni wanaume wamejaa, karibu wote watu wa kambi yetu ya zamani ambao sasa wanafanya kazi viwandani pale Buffalo. Mimi niko jikoni nasonga ugali wa watu wote hao kwa ule mwiko wa kushika kwa mikono miwili. Wewe umekaa kando ya chuma cha kupasha joto na kitabu chako, kurasa zake bado zina alama za pipa. Nikamsikia Zakayo: "We binti wa dada, unasoma nini mpaka wageni huwasalimii?" Na wewe, kama kawaida yako, ukamweleza wazi.

Nikaacha kusonga. Kisha nikasikia kitabu kinanyakuliwa, na sauti ya kaka yangu, ile ya jukwaani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuondoke Afrika: "Haya ndugu zangu. Tumpe?"

Na wale wanaume, bila kufikiri, kwa kicheko cha watu waliokumbuka ujana wao, wakaitikia, "Mpe!"

Akakupiga nacho utosini. Pigo la kwanza lilikuwa la utani, hilo namkubalia. Ulipokivuta kitabu kikapasuka katikati, ukamwita jina ambalo siandiki hapa ingawa lilimfaa, ndipo akakuzaba kofi la kweli na kichwa chako kikagonga kile chuma. Sikuona hayo, nilisikia. Lakini nataka ujue kwamba nilikuwa nimeshavuka mlango wa jikoni kabla ya kofi. Miguu yangu iliondoka kwenye lile neno "Mpe."

Nilimpiga kaka yangu wa tumbo moja kwa mwiko kwenye mtulinga, mfupa ukalia. Nikampiga tena kichwani, ugali wa moto ukamgandia usoni na shingoni, akapiga yowe. Akanikaba koo akanisukuma dirishani, kioo kikapasukia mgongoni mwangu. Nikamng'ata kidole gumba nikaendelea kung'ata. Nilikuwa tayari kukitoa. Wanawake walikuwa wanalia, mtu anaomba kwa sauti, baba yako akamwaga sufuria la maji baridi juu yetu wote wawili kama watu wanavyotenganisha mbwa. Zakayo akakaa chini damu zinamtoka, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Dada, unataka kuniua kwa ajili ya mchezo? Mchezo wenyewe si ulitunga wewe?"

Uliyasikia maneno hayo ukaona hayana maana. Yalikuwa na maana yote. Nikakushika mkono tukatafuta viatu.

Njia nzima theluji inapiga kioo cha gari. Tulifika Whitehall, kando ya Columbus, kwa Mama Furaha, yule Mkongomani wa milimani Kivu niliyefanya naye kazi hapa Louisville kabla hajahamia Ohio. Alinivua blauzi akaanza kunitoa vipande vya kioo mgongoni kwa kibanio cha nyusi, huku ananisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Bon. Donc tulikimbia bunduki, tulikimbia mapanga, tunafika huku njo tunauwana juu ya kitabu? Mama Kezia, minakuuliza, hiyo kitabu iko na nini?"

"Sijui," nikasema. "Sijakisoma."

"Hujakisoma?" Akasimamisha kibanio. "Donc uko napigana na kitu haujue?"

Wewe ulikuwa chini kwenye zulia na gundi ya karatasi, unaunganisha kurasa moja moja, jicho limevimba. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Hakukipigania, Mama Furaha. Alinipigania mimi kwa sababu mimi ni wake. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine angesaidia kumpiga."

Ulisema hivyo bila kujua habari za Anselmi. Nilihisi kioo kingine kinaingia. Na badala ya kusema ukweli nikakuuliza lile swali la kijinga, "Kwani Kezia, na wewe ni hivyo?" Ukaweka gundi chini. "Kwani lazima niwe hivyo ndiyo usome?"

Hapana. Hilo ndilo jibu, limechelewa tangu baridi ile mpaka leo. Si lazima. Na sikuulizi tena wewe ni nani. Siku ukitaka kuniambia lolote, au kutoniambia, mlango ni ule ule. Lakini nisingependa unifikirie kama mama aliyekuwa anasubiri kwanza kujua kama anayehusika ni damu yake ndipo afungue kitabu. Anselmi hakuwa damu yangu. Mkuki kwa nguruwe, wanasema, na mimi niliucheka huo mkuki mpaka ulipogeuka.

Sasa nikuambie nilichokifanya bila kukuaga. Nilikwenda maktaba. Nikamnong'oneza yule dada wa mezani jina la kitabu, na yeye akalirudia kwa sauti ambayo hata mimi jukwaani nisingeifikia. Nikatamani sakafu inimeze. Kusoma Kiingereza kirefu hivyo ningezeeka, kwa hiyo akanipa cha kusikiliza, diski nyingi kwenye mfuko wa plastiki. Nimekuwa nazisikiliza garini kwangu, pale kwenye maegesho ya kazini wakati wa mapumziko, madirisha yamefungwa.

Mwanzoni nilisikiliza kama sungusungu anayepekua begi. Nilikuwa nasubiri wale vijana wagusane ili nizime na niseme, si mnaona? Wakanichosha. Mmoja, anayefanya kazi gereji, anamfundisha mwenzake kumwaga oili ya gari. Wanagombana juu ya mbwa. Yule wa gereji ni bahili, hagawi chipsi zake, na hesabu hajui kabisa. Nikakasirika kwamba hawafanyi lolote la kunikasirisha. Halafu siku moja yule wa gereji akamdanganya mama yake alikotoka, na mama yake akajua kwamba anadanganywa, akaendelea kukunja nguo. Nikajikuta napigia dashibodi kelele, "Muulize! Wewe mama, muulize mwanao!" Wenzangu wa zamu walikuwa wanapita, wakanipungia mkono kwa huruma.

Hapo ndipo nilipomwona Madeko wangu alivyokuwa maskini. Huyu wa kwenye kitabu ana mama, ana njaa, ana shati analolipenda, ana kitanda kinachopiga kelele. Mimi Madeko nilimnyima hata kitanda. Sikuwahi kujiuliza analala wapi mchezo ukiisha. Nilimpa kiuno na mgongo wa kuchapwa, basi. Na Anselmi, ambaye kitanda chake nilikuwa nakiona kila siku, nilimwazima mwendo nikaacha vingine vyote. Mwandishi wa kitabu chako hakunilazimisha nimpende kijana wake. Alikaa naye tu muda mrefu mpaka na mimi nikakaa. Sikujua kwamba hadithi inaweza kufanya hivyo. Nilijua tu ile kazi nyingine inayoweza kuifanya, na niliijua vizuri.

Mimi bado ni mtu wa kanisa, Kezia, usije ukarudi ukadhani umekuta mama mwingine. Kuna mambo nabishana na Biblia yangu na huenda nikafa hatujamaliza. Lakini nimeona mtu anavyopigwa watu wakiwa bado wanabishana. Siwezi tena kuwaambia wanaopigwa wangoje nimalize.

Huko chuoni watakupa vitabu vingi, na siku moja utatunga vya kwako, nimeona unavyoandika ukidhani nimelala. Sina mafundisho makubwa. Ukiwa kwenye kundi linacheka, tafuta yule aliyeziba mdomo kwa mkono, ukae upande wake. Na ukimtunga mtu, hata wa kuchekesha, mpe kitanda.

Jumatatu nilimpigia Zakayo, mara ya kwanza tangu baridi ile. Nikamwambia nilikosea kumpiga mbele ya wageni wake, nilikosea kumwunguza, lakini akitamka lile neno tena mbele ya mtoto yeyote, wangu au wa mtu, nitakuja kumalizia bega la pili. Akacheka kidogo. Akaniuliza, "Dada, hivi Anselmi alikuwa anaimba sauti gani?" Nikamwambia ya tatu. Akasema, "Eeh. Ya tatu." Nikamsikia analia, kaka yangu mwenye mikono ile, na sikumbembeleza. Nililia upande wangu, naye akalia upande wake.

Kuhusu Krismasi, njoo. Njoo na vitabu vyako vyote, uvipitishe mlango wa mbele mchana jirani wakiona, uviweke sebuleni panapokaa Biblia, pana nafasi. Siahidi kwamba nitavipenda vyote. Nakuahidi kwamba hakuna kitakachotupwa na hakuna atakayepigwa, na kama mkono wangu ukisahau, nimempa baba yako ruhusa ya kutumia maji baridi. Mdomo wako una kovu dogo upande wa kushoto. Naliona kila unapocheka, na samahani haitalifuta, lakini naomba samahani. Nisamehe, mwanangu. Naiandika mara moja tu, kwa kalamu hii nene.

Kesho siwasindikizi kwa sababu zamu yangu ni ya asubuhi. Ni bora, ningelia kutoka hapa mpaka Cincinnati. Mkishaondoka nitakwenda kazini mapema, nitaegesha mahali pangu, nitafunga madirisha na kuweka diski ya mwisho. Imekaa garini siku kadhaa, nimeiogopa. Nilipoishia, baba wa yule kijana amejua. Ameingia gereji na spana kubwa mkononi, amefunga mlango kwa ndani, na kijana yuko chini ya gari hajamwona. Wewe ulishamaliza, unajua kinachotokea. Nisije nikapokea simu yako ukiniambia nisisikilize, au ukinituliza kwamba atapona. Usiniambie. Nataka kuwa mle ndani pamoja naye mlango ukiwa umefungwa.

Mama yako,
Gaudensia